Kiatu cha Arobaini na Moja

Lango la ofisi lilifungwa mwaka ule wa mvua kubwa, siku ya Jumanne, asubuhi, saa nne kasorobo. Saa naijua kwa sababu nilikuwepo. Njia inayokata katikati ya uwanja wa ofisi hiyo ni ya watu wote. Baba yangu aliipita na mkokoteni wake, mimi nikaipita na mfuko wa shule uliotoboka chini, na hakuna karatasi hata moja inayosema ni mali ya ofisi. Wakaweka lango, wakaweka na mlinzi, wakasema ni kwa muda tu, mpaka ukarabati umalizike. Sasa ni miaka kumi na tisa. Ukarabati wenyewe haujaanza.

Nalitaja lango hilo mwanzoni kwa sababu ndilo lililotuchelewesha siku ya daktari wa macho. Mke wangu anasema si lango, ni mdomo wangu. Tuyaache hayo kwanza.

Daktari wa macho huja kwenye kituo chetu cha afya mara moja kila miezi mitatu. Huja na gari moja na vifaa vya watu arobaini. Asubuhi anapima, mchana anapasua. Wa arobaini akishaingia mlango unafungwa, na aliyebaki nje anasubiri miezi mitatu mingine. Nimeuliza mara nyingi kwa nini arobaini, kwa nini isiwe hamsini, na nani alikaa mezani akaamua kwamba macho ya watu wa mtaa huu yatibiwe siku nne tu kwa mwaka. Sijajibiwa. Maswali yangu nimeyaandika, na tarehe zake ninazo.

Mke wangu ni mshonaji. Kwa miaka ishirini na sita ameshona sare za nusu ya watoto wa mtaa huu, kola zisizopinda na mifuko isiyofumuka. Kisha mtoto wa jicho akaingia, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia, polepole, kama mtu anayefunga nyumba yake jioni, dirisha hili, kisha lile. Siku ninayoisimulia, la kushoto lilikuwa halioni kitu na la kulia lilibakiwa na mwanga na vivuli. Cherehani yake ilikuwa mwaka wa pili chini ya shuka. Kila asubuhi aliifunua, akaifuta vumbi kwa kupapasa, akatia tone la mafuta mahali pake bila kukosea, akaifunika tena. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa namwona. Nilikuwa nasimama mlangoni nikijifanya natafuta kiatu.

Maana mimi ni fundi viatu, na nyumbani kwetu kiatu cha kutafuta hakikosekani.

Asubuhi hiyo tulitoka kungali na ukungu, yeye amenishika mkono, mimi nimebeba begi langu la kazi begani kama kawaida. Tulipofika langoni nilimketisha juu ya jiwe, nikamwambia namuuliza mlinzi swali moja tu.

Mlinzi wa sasa ni wa nne. Lango lilipofungwa yeye alikuwa bado ananyonya. Nilimweleza habari ya njia ya umma, nikamtajia tarehe, nikamtajia ofisa aliyeahidi mbele ya mkutano kwamba lango litafunguliwa kabla ya mwaka kuisha, na shati alilovaa ofisa huyo siku hiyo, la mistari. Mlinzi akasema kwa adabu kwamba yeye ameambiwa afunge. Nikamuuliza akiambiwa afunge pua, ataifunga? Huku nyuma watu walikuwa wanapita, wanazunguka ile njia ndefu kuelekea kituo cha afya. Muuza mkaa, binti jirani yetu wa nyumba ya tatu, akasimama akamgusa mke wangu bega.

"Dada, twende. Tutachelewa."

"Tangulia, mdogo wangu," mke wangu akasema. "Shemeji yako anahutubia."

Niliwasikia wakicheka. Sikugeuka.

Nieleze hapa kwamba mke wangu huniita Mwenyekiti. Sijawahi kuchaguliwa kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata kamati ya kuzibua mtaro. Ni jina alilonipa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nilipolala usingizi nikawa napinga hoja ndotoni.

Kwenye kituo kile foleni haipangwi na watu, inapangwa na viatu. Baraza ni ya saruji, baridi, na wengi wanaokuja ni watu wazima wasioweza kusimama saa mbili. Kwa hiyo kila anayefika anavua kiatu kimoja, anakiweka nyuma ya cha aliyemtangulia, kisha anakwenda kuketi kwenye mabenchi na mguu mmoja mtupu. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu wala haina mlinzi. Nimeona sheria zenye mihuri mitatu zikivunjwa kabla wino haujakauka, lakini sikuwahi kuona mtu akisogeza kiatu cha mwenzake kwenye baraza ile.

Mpaka siku hiyo, na aliyevisogeza ni mimi.

Mke wangu aliinama mwenyewe, akapapasa sakafu mpaka mwisho wa mstari, akaweka kubazi lake la kulia. Mimi nikahesabu. Huwa nahesabu kila kitu. Akaniuliza yeye ni wa ngapi. Nikamwambia ukweli: wa arobaini na moja.

Akasema labda mtu ataghairi, maana kuna wanaoogopa kisu dakika ya mwisho. Tukaketi.

Mtu asiyeshona viatu hawezi kujua ilivyokuwa kukaa mbele ya mstari ule. Viatu zaidi ya arobaini, vimejipanga vyote vinanitazama, na kizima hakuna. Soli zimeachama kama zinapiga miayo. Kandambili yenye gidamu ya waya. Kiatu cha mwalimu mstaafu, kilichong'arishwa juu, chini kimeliwa mpaka kinaonyesha soksi. Nilikasirika. Si kwa sababu ya viatu, ila kwa sababu ya barabara iliyovila, ile inayotengenezwa kila uchaguzi na kubomoka kila masika. Na mimi nikikasirika mikono haitulii. Nikafungua begi.

Nilianza na kile cha mwalimu. Nikakirudisha pale pale nilipokitoa, na huo ni ukweli. Cha pili nikakirudisha pale pale. Mwenye cha tatu akaja kunishukuru, tukazungumza. Wa nne akaomba nimtazamie na cha mguu wa pili. Nikamwomba muuza mkaa anitilie uzi kwenye sindano kwa sababu jua lilikuwa linanipiga usoni, naye akatia baada ya kuhangaika, maana yeye mwenyewe alikuja na jicho moja jekundu linalotoa machozi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameweka kiganja juu ya jiko lililowaka akidhani limezimika. Kitambaa kilikuwa bado kimezungushiwa mkononi.

Watu wakasogeza mabenchi karibu. Nikaanza kuzungumza nao huku nashona. Nikawaambia raia si mtu wa kungoja apewe, ni mtu wa kujua kilicho chake. Nikawaambia wautazame mstari huu wa viatu, hauna bosi, hauna askari, na hakuna anayemwibia mwenzake nafasi. Kama nchi nzima ingeendeshwa kwa heshima ya namna hii, tusingekuwa tunauliza maswali tunayouliza. Wakaitikia. Mzee mmoja mwenye fimbo akasema kweli kabisa, Fundi. Mke wangu alikuwa anatabasamu, uso kauelekeza kwenye sauti yangu.

Na muda wote huo mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yake ya miaka thelathini na nne. Fundi viatu akiwa na kazi nyingi mbele yake hashoni kimoja kimoja mpaka mwisho. Anatenga. Vya gundi vinakwenda juani vikauke. Vya sindano vinakaa kulia. Vya misumari vinakaa kushoto, karibu na nyundo. Mikono inatenga bila kuuliza kichwa, na kichwa changu kilikuwa kinahutubia.

Saa mbili kamili muuguzi akafungua mlango. Akasema wa kwanza mpaka wa kumi wachukue viatu vyao waingie.

Watu wakageuka kutazama mstari. Mstari haukuwepo. Kulikuwa na safu ya viatu vya gundi ukutani, lundo la vya sindano upande wangu wa kulia, na lundo la vya misumari upande wa kushoto.

Nimezomewa kwenye mikutano mitano. Nimetolewa nje ya ofisi mbili, moja kwa kubebwa. Hakuna kilichonifikia kama kimya kile. Kisha wote wakasema kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa wa kwanza mpaka wa kumi. Bwana mmoja wa koti, aliyefika dakika hiyo hiyo na viatu vyake vyote viwili mguuni, akasema kwamba kwa vile hakuna foleni tena, basi waingie wenye majukumu. Mzee wa fimbo akamuuliza yeye majukumu yake ni yapi, kuchelewa? Muuguzi akasema wasipojipanga baada ya dakika chache atafunga mlango mpaka wajipange, na daktari hakai zaidi ya saa tisa.

Ndipo yule mwalimu mstaafu akainua mkono kama yuko darasani.

"Fundi anakumbuka," akasema. "Huyu anakumbuka mpaka shati la ofisa. Atupangie yeye."

Wakakubali. Walikubali mara moja, wote, hata waliokuwa wananitukana. Wakanipa foleni yao mkononi.

Na nilikuwa nakumbuka. Sijisifu, ndivyo kichwa changu kilivyo, na mara nyingi ni mzigo. Nikafumba macho nikaiona baraza ilivyokuwa asubuhi. Cha kwanza, kandambili ya bluu yenye gidamu ya waya. Cha pili, raba nyeupe isiyo na kamba. Cha tatu, cha mwalimu. Nilikuwa nakitaja, mwenyewe anasema ndicho, anakiokota, anasimama mahali pake. Kumi wakasimama mlangoni, muuguzi akataka wote wapangwe kwanza. Nikaendelea na waliobaki ili wajue nafasi zao. Kulikuwa na furaha fulani, siwezi kuikana. Miaka yote kumbukumbu yangu ilikuwa ni kitu cha kuwaudhi watu nacho, na leo walikuwa wananisikiliza kama wanasomewa mirathi.

Thelathini. Thelathini na tano. Wa thelathini na tisa alikuwa mzee wa fimbo, kiatu cha ngozi ya ng'ombe, kisigino cha mbao.

Kisha nikafumbua macho, na mbele yangu kulikuwa na viatu viwili karibu karibu. Kiatu cha tairi cha muuza mkaa, ambacho kilikuwa cha arobaini. Na kubazi la mke wangu.

Nilimtazama. Alikuwa ameketi na mikono juu ya mapaja, na vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la kitenge, vinalipima na kulinyoosha, kama mtu anayetayarisha upindo kabla ya kuushona. Hakujua kwamba vinafanya hivyo. Nikaiona cherehani chini ya shuka. Nikaona miezi mitatu mingine ya tone la mafuta. Nikajiambia kwamba tofauti ni kiatu kimoja tu. Nikajiambia kwamba miaka yote nimeigombea haki ya mtaa huu, na mtaa haujanipa hata kiti. Mtu akitaka kuiba huwa ana hotuba nzuri, na mimi hotuba sikosi.

Nikainua kubazi.

"Wa arobaini ni huyu," nikasema. "Na wa arobaini na moja ni tairi."

Muuza mkaa alikunja uso. Akakitazama kiatu chake, akautazama mlango. "Mimi nilidhani nimewatangulia," akasema taratibu. Kisha akanitazama kwa lile jicho zima. "Basi, kama shemeji ndiye anayesema."

Akainama kuokota kiatu chake kwa mkono uliofungwa kitambaa.

Nimesomewa barua za kufukuzwa. Hayo maneno yake manne ya mwisho ndiyo mazito kuliko yote niliyowahi kusikia, na hakuyasema kwa ubaya.

"Nipe kiatu changu," mke wangu akasema.

Nikampa. Akakipapasa, akagusa ule mshono mpya niliomtilia pale barazani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, lakini baraza nzima ilisikia:

"Mwenyekiti, asubuhi nilipoinama kuweka hiki, mkono wangu ulikuta tairi mbele yake. Nikanusa vidole, vikanuka mkaa. Mimi niko nyuma ya mdogo wangu. Umesahau, au umechoka?"

Alinipa njia mbili za kutokea. Alinipa mbele ya watu wote, na zote mbili zilikuwa za heshima. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na moja na sijui ni mara ngapi amenifungulia mlango wa namna hiyo nikapita nikidhani nimeufungua mwenyewe.

Nikasema, "Sikusahau. Wala sikuchoka."

Muuza mkaa akasema haraka kwamba si kitu, dada aingie, yeye atasubiri, miezi mitatu si mbali. Mke wangu akanyoosha mkono hewani mpaka akampata, akamshika mkono wenye kitambaa kwa chini, asimuumize.

"Unaunguza mikono, mtoto wa watu," akasema. "Mimi nyumbani nina mtu wa kunihutubia njia nzima ya kwenda msalani. Ingia."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumsaidia mtu asimame. Lakini mzee wa fimbo hakucheka. Akaniuliza swali ambalo ningemuuliza mimi kama ningekuwa yeye.

"Na sisi wengine, Fundi? Sisi ulitupanga kweli?"

Nikamwambia wote thelathini na tisa ni kweli tupu. Akasema labda, lakini neno langu leo limepata tundu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndipo mwalimu akafanya jambo dogo ambalo lingefanywa tangu mwanzo, kama tusingekuwa wepesi wa kutafuta mtu mmoja wa kutubebea kila kitu. Akamuuliza kila aliyesimama: asubuhi uliweka kiatu nyuma ya nani? Basi. Kila mmoja alimkumbuka mmoja tu wa mbele yake. Yeye mwenyewe akamkumbuka mwenye raba, mwenye raba akamkumbuka wa kandambili ya bluu. Dakika kumi hazikuisha, foleni nzima ikarudi, imefungwa mmoja kwa mwingine, na haikumhitaji Fundi. Ikawa sawasawa na nilivyoipanga, isipokuwa pale mwisho.

Bwana wa koti akaambiwa avue kiatu kimoja akiweke nyuma. Akavua.

Tulisubiri mpaka saa tisa. Hakuna aliyeogopa kisu siku hiyo. Muuza mkaa aliingia wa mwisho, mlango ukafungwa.

Njiani nilikuwa nimebeba begi, yeye amenishika kiwiko. Tulizunguka njia ndefu. Langoni sikusema neno, mlinzi akashangaa akanisalimia mara mbili. Nilitaka mke wangu anitukane nimalize. Hatimaye nikamuuliza kama ana hasira.

"Nina njaa," akasema.

Tukatembea. Tulipofika kwenye kona ya mtaro akasema jambo ambalo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, juu ya tarehe zote.

"Kudai watibiwe watu hamsini badala ya arobaini ni haki yako, na udai mpaka sauti ikauke, mimi nitakuchemshia maji ya tangawizi. Lakini nafasi ya yule binti siyo haki yako. Sitaki kuona kwa jicho lake."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kituo cha afya. Kwanza niliomba radhi kwa muuguzi kwa fujo niliyosababisha. Pili nikampa karatasi. Barua zangu huwa za kurasa kumi na moja; hii ilikuwa nusu ukurasa. Niliomba kwamba kila anayebakia nje mlango unapofungwa aandikwe jina, na safari inayofuata walioandikwa ndio wawe wa mbele, kwa mpangilio ule ule, kabla ya viatu kuanza.

Muuguzi aliisoma mara moja. Akasema hilo halihitaji ruhusa ya mtu, analiweza yeye mwenyewe, na akachukua daftari pale pale. Nikamuuliza kwa nini basi halikufanyika miaka yote hii. Akasema halikuombwa. Akasema mimi nimefika pale mara nyingi sana, ila siku zote nilikuja kuwashtaki.

Mashtaka yangu yalikuwa ya kweli na siyafuti hata moja. Na nadhani jambo jepesi kama hilo angeweza kulifikiria mwenyewe bila kungoja fundi viatu. Hayo nilimwambia pia. Akasema ndiyo, angeweza. Tukaagana vizuri.

Miezi mitatu ilikwenda. Muuza mkaa alipona, akawa anapita kila jioni kumsomea mke wangu vichwa vya magazeti yake ya kufungia mkaa, akinikatiza mimi ninapotaka kueleza. Siku ilipofika, karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni, na jina la kwanza lilikuwa la mke wangu. Muuza mkaa alimsindikiza mpaka ndani. Mimi nilikaa benchini. Begi nililiacha nyumbani, niliagizwa.

Walimfungua bandeji kesho yake asubuhi. Lilikuwa ni jicho la kulia, la kushoto likapangiwa safari nyingine. Alipepesa, akatoa machozi, akanitazama kwa muda mrefu, paji la uso, mvi, shati.

"Mwenyekiti," akasema, "umezeeka bila kunitaarifu."

Nilikuwa nashughulika na pua yangu.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akaivua shuka, akazungusha gurudumu mara moja kusikia sauti. Kisha akaketi, akavua makubazi apumzishe miguu. Akaliokota la kulia. Akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akalirudisha, akalisogeza tena.

"Hiki umeshona wewe?"

"Mimi."

"Siku ile barazani?"

"Siku ile."

"Mshono umepinda."

Nikamwambia uzi ulikuwa mbaya, siku hizi viwanda vinatuletea uzi wa ovyo, na nilikwisha kumwandikia muuzaji. Akafungua kijaluba chake, akatoa sindano na uzi mweusi, akaniwekea kiganjani.

"Tia."

Nilisogea dirishani. Nilijaribu mara ya kwanza. Mara ya pili niliramba uzi. Mara ya tatu nikasema jua linanipiga, na jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Akachukua sindano mkononi mwangu, akatia uzi kwa mara moja, kwa jicho lile lile lililopasuliwa jana.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukuniambia. Wewe unayewaambia watu wote kila kitu."

Nilitafuta maneno. Ninayo mengi ya kuwaambia maofisa.

"Wewe ulikuwa mbele yangu kwenye foleni," nikasema.

Aliweka sindano chini. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa kama alivyozoea kufanya miaka ile miwili, nyusi, mashavu, kidevu, ingawa sasa alikuwa ananiona. Kisha akasema daktari anarudi baada ya miezi mitatu, na nitavua kiatu kama watu wengine.

Lango bado limefungwa. Barua ya sasa ni ya ukurasa mmoja, mke wangu ndiye aliyeipunguza, na imetiwa saini na watu sitini na wawili, wa kwanza muuza mkaa, wa tatu mlinzi mwenyewe. Tunasubiri jibu. Tarehe tuliyoipeleka tumeiandika sote.

Siku ya daktari tulipita langoni mapema. Nilipunguza mwendo, mkono wake ukanivuta, tukaendelea. Barazani nilivua kiatu changu cha kulia nikakiweka nyuma ya kiatu cha mwanamke mmoja mwenye kofia ya kufuma, nikamtazama vizuri nisimsahau. Kilikuwa cha ishirini na tatu. Soli ilikuwa imeachia upande mmoja, na wenzangu waliokwisha kuketi walikuwa wananitazama, wakingoja kuona nitafanya nini.

Nikakiacha vile vile kilivyo, nikaenda kukaa.